Muziki wa Kulia Chakula

Nchi ninayotaka kuisimulia haimo kwenye ramani yoyote, na msomaji atakayeona inafanana na nchi anayoijua, basi kosa ni la macho yake, aende akapimwe. Ni nchi nzuri. Ina mito, ina milima, ina Mlezi wa Taifa, na ina Wizara ya Utulivu, ambayo kazi yake ni kuhakikisha kila mtu ametulia, na aliyeshindwa kutulia mwenyewe anasaidiwa.

Katika nchi hiyo mtu halazimishwi kitu. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna wageni waliopita kule, wakala vizuri, wakalala vizuri, kisha wakarudi makwao kuandika mambo yasiyo na adabu.

Basi mwaka mmoja Wizara iligundua jambo la hatari. Watu walipokuwa wakila mikahawani walikuwa wanasikiana. Mtu wa meza hii akisema neno, wa meza ile analisikia, na wa tatu analibeba mpaka nyumbani kwake. Waziri alieleza redioni, kwa sauti ya huzuni, kwamba ukimya ni tundu, na tundu likiachwa wazi huingia umbea. Dawa yake ni muziki wa chinichini. Ikatangazwa kwamba kila mkahawa uwe na muziki wa chinichini wakati wa chakula. Na kwa kuwa nchi ile inaheshimu uhuru, kila mwenye mkahawa angechagua mwenyewe muziki aupendao, mradi achague ulio sahihi.

Hapo ndipo inapoanzia habari ya Bi Sikujua.

Bi Sikujua alikuwa mjane, mama wa makamo, asiyependa maneno mengi. Mkahawa wake ulikuwa karibu na Uwanja wa Ushindi, na kwa pilau yake na samaki wake wa kupaka walikuwa wakikusanyika makarani, madereva wa serikali, walimu, na wauza vitambaa wa mtaa wa pili. Mimi mwenyewe nilikula pale karibu kila mchana. Kwa hiyo mengi ninayoyasema niliyaona, na nisiyoyaona nimeambiwa na waliokuwapo, watu wazima wenye akili zao.

Mtaa ule ulikuwa chini ya Afisa wa Sauti aitwaye Bwana Pantaleo. Zamani, alipokuwa karani mdogo wa posta, alikuwa mteja wa Bi Sikujua kama sisi wengine, akikaa dirishani na ubwabwa wake wa maharage, akicheka kicheko kinene kilichotikisa glasi mezani. Tangu apewe cheo alikuwa hacheki tena. Alikuwa anatabasamu.

Alikuja mchana mmoja na wasaidizi wawili wasiosema. Akamweleza Bi Sikujua kwamba Wizara inaona fahari kumpa uhuru wa kuchagua, na kwamba uhuru huo una mwisho wake, nao ni mkesha wa Sikukuu ya Shukrani. Bi Sikujua, mtu wa kazi, akauliza Wizara yenyewe inapenda muziki gani ili auweke siku hiyohiyo, mambo yaishe.

Bwana Pantaleo akaonekana kama mtu aliyeumizwa moyo.

“Mama,” akasema, “ukituuliza tunapenda nini, utakuwa unatulazimisha tukulazimishe. Na sisi hatulazimishi mtu.”

Akala samaki, akasifu tui, akaondoka.

Kabla ya kuchagua, Bi Sikujua alitazama kwanza majirani wanafanya nini. Bwana Shomvi, mwenye mkahawa wa ng’ambo ya barabara, alikuwa ameshachagua, tena kwa majivuno. Aliweka wimbo wa taifa. Alimwambia kila mtu kwamba hakuna afisa aliyezaliwa awezaye kuukataa wimbo wa taifa, na kwa hilo alikuwa sawa kabisa. Tatizo ni kwamba sheria ya nchi ile inasema wimbo wa taifa ukipigwa raia asimame wima, mikono ubavuni, mdomo umefungwa. Na muziki wa chinichini haukatiki. Wateja wa Bwana Shomvi walikuja, wakaagiza, wakasimama mbele ya sahani zao wakiutazama wali unavyopoa, saa ya mapumziko ikaisha, wakarudi kazini na njaa. Gazeti lilichapisha picha yao, na Bwana Shomvi akaikata na kuibandika ukutani.

Kisha dereva mmoja akashindwa kuvumilia. Alionekana akitafuna katikati ya ubeti wa pili. Uchunguzi ulifanyika kwa haki zote, ikaonekana kwamba dereva yule asingetafuna kama Bwana Shomvi asingempakulia, na kwa hiyo Bwana Shomvi alikuwa ameufanya wimbo wa taifa kuwa kitoweo. Pale kwake sasa panauzwa rangi za nyumba. Ukiwauliza wapita njia watakwambia pamekuwa duka la rangi tangu mwanzo, ingawa mchana, jua likizipiga zile kuta, zinanukia kitunguu cha kukaanga.

Bi Sikujua aliyaona hayo yote kutoka barazani kwake. Akaamua kwenda kwa uangalifu.

Alianza na taarabu. Ulikuwa wimbo wa zamani, mwimbaji akimlaumu mtu aliyeahidi kuja na hakuja. Bwana Pantaleo aliusikiliza akiwa ameshika kijiko hewani, kisha akauliza ni nani huyo aliyeahidi. Bi Sikujua akasema ni mpenzi. Afisa akauliza jina la mpenzi. Bi Sikujua akasema wimbo hautaji. Basi, akasema Bwana Pantaleo kwa upole, kila msikilizaji anajaza jina analotaka mwenyewe. Ikawa bahati mbaya kwamba mwaka uliotangulia Mlezi wa Taifa aliuahidi mtaa ule mabomba ya maji, na wateja wawili walikuwa wameonekana wakitabasamu kwenye kiitikio. Taarabu ikaondolewa.

Akaweka kinanda kitupu, cha polepole. Akaulizwa nani amekufa. Swali hilo halikuwa la mzaha, kwa kuwa Mlezi wa Taifa alikuwa hajaonekana hadharani tangu masika, na ilishatangazwa rasmi kwamba anapumzika na afya yake inazidi kuimarika, kiasi kwamba madaktari hawatoki chumbani kwake. Katika hali hiyo, kinanda cha polepole ni uvumi usio na maneno. Akaweka cha haraka, akaambiwa anawaharakisha raia kana kwamba kuna kitu cha kukimbia. Akapandisha sauti, ikasemwa anaficha mazungumzo ya watu. Akaishusha, ikasemwa anawafundisha watu kutega masikio.

Mwishoni alipata muziki wa tarumbeta, usio na mwimbaji, usio wa haraka wala wa polepole, ambao hata mimi niliyeusikia wiki nzima siwezi kukuimbia sasa. Ulikuwa muziki wa kupita tu. Wote tulishusha pumzi. Bwana Pantaleo alikula mpaka akafungua kifungo cha koti.

Lakini muziki usio na maneno una ubaya wake, nao ni kwamba mtu anaweza kuufuata kwa mdomo.

Kulikuwa na fundi saa aitwaye Mtoro, ambaye kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya uwanja. Alikuwa mwembamba, mwenye uso mkavu, na kila alilosema lilichekesha kwa sababu yeye mwenyewe hakucheka. Alikula kila siku kwenye meza iliyo karibu na dirisha la jikoni, na hakuna siku ambayo pilipili aliyopewa ilimtosha. Mchana huo, akingoja sahani yake, alikuwa akiguna ule wimbo wa tarumbeta taratibu, mdomo umefumba.

Watu wawili wa meza ya jirani wakamuuliza anaimba maneno gani. Akasema haimbi neno lolote. Wakamuuliza, kama angeimba, angeimba maneno gani. Akasema hajui, alikuwa anafikiria springi ya saa ya mtu. Wakaulizana kwa macho. Kisha, kwa heshima ambayo sisi sote tuliiona, wakamwomba aongozane nao akaisaidie Wizara kuukamilisha wimbo.

Fundi Mtoro alisimama, akafuta mikono. Sahani yake ilikuwa ndiyo kwanza imefika.

“Nifunikie, dada,” akamwambia Bi Sikujua. “Narudi sasa hivi.”

Bi Sikujua akaifunika kwa kawa. Jioni, tulipopita, kawa ilikuwa bado pale mezani, na nzi wakitembea juu yake.

Mkewe, Bi Mwajabu, alikwenda Wizarani kuuliza. Alipokewa vizuri, akapewa kiti. Alielezwa kwamba mumewe hakukamatwa, kwa kuwa katika nchi ile mtu hakamatwi, na kwamba bila shaka ameondoka kwa hiari yake. Ofisa aliyemhudumia alimkumbusha kwamba wazazi wa mumewe wenyewe ndio waliompa jina la Mtoro, na kwamba haifai kuilaumu serikali kwa jambo ambalo wazazi waliliona mapema.

Tangu siku ile Bi Sikujua hakuwa yule tuliyemzoea. Aliuondoa muziki wa tarumbeta mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Wali ukamwungulia, kitu ambacho hatukuwahi kukiona. Alikuwa akijiambia kwamba ni yeye aliyeuchagua ule wimbo, na kwamba angechagua mwingine Mtoro angekula, angeshiba, angerudi kibandani kwake. Alifikiria kufunga mkahawa, lakini aliyefunga mkahawa kabla ya Sikukuu alihesabiwa kuwa amesusa. Na mkesha wa Sikukuu ulikuwa unakaribia.

Alasiri moja, vyombo vikiwa vimeoshwa, alifungua sanduku la marehemu mumewe kutafuta kanda yoyote iliyobaki. Akakuta moja ambayo mumewe aliirekodi miaka ya nyuma, siku walipofungua baraza jipya la mkahawa. Siku hiyo kulikuwa na mgeni rasmi, diwani, na marehemu alitaka kuihifadhi hotuba yake. Lakini kinasa sauti alikiweka kwenye dirisha la jikoni, kwa hiyo diwani anasikika kwa mbali kama nyuki aliyefungiwa chupani, na kinachosikika vizuri ni watu wanaokula. Vijiko vinagonga sahani. Viti vinavutwa. Mtu anaomba maji, mwingine anaulizia ndizi, watu wanacheka.

Bi Sikujua alikaa kwenye kigoda akaisikiliza mpaka ikakatika. Akaigeuza, akaisikiliza tena. Baadaye alimwambia Bi Mwajabu kwamba alilia, si kwa sababu ya mumewe peke yake. Ilikuwa sauti ya mkahawa wake wakati ambapo mtu alikuwa haogopi kijiko chake kugonga sahani. Akaona pia kwamba mle hamna wimbo, hamna mapenzi, hamna msiba, hamna haraka. Afisa atauliza nini? Kesho yake akaiweka kwenye spika.

Bwana Pantaleo alikuja, akasikiliza, akarudi baadaye na mkubwa wake, Mkurugenzi wa Sauti wa nchi nzima. Mkurugenzi yule alikuwa mtu mzito, mwenye fimbo, aliyesoma muziki katika nchi tatu za baridi. Alifumba macho kwa muda mrefu. Tuliacha kutafuna.

“Hii,” akasema, “ndiyo sauti ya raia aliyeshiba.”

Akatamka mengi zaidi ambayo siwezi kuyarudia yote. Alisema kwamba kwa miaka mingi taifa limekuwa likiimbiwa, na sasa taifa limejisikia. Alisema kijiko ni ala. Alimpa Bi Sikujua mkono mbele ya watu, na Bwana Pantaleo, aliyeigundua kanda ile, akapandishwa cheo papo hapo, akiwa bado na mfupa wa samaki mdomoni.

Siku chache baadaye Bi Mwajabu alipita mkahawani kuuliza kama kuna yeyote aliyesikia lolote. Hakukuwa na habari. Bi Sikujua akamkalisha kwenye meza ya mumewe, chini ya spika, akamletea chai. Alipokuwa anageuka kurudi jikoni akamwona Bi Mwajabu ameweka kiganja mezani, kama mtu anayehisi nyumba inatikisika.

Katikati ya vijiko, mwanamume mmoja alikuwa anaomba pilipili.

Bi Sikujua hakuwahi kuitambua sauti ile, kwa kuwa spika ikilia yeye yuko jikoni na mafuta yanachemka, na alasiri ile ya kwanza alikuwa akisikiliza kwa machozi. Sasa aliisikia. Fundi Mtoro akaendelea kuzungumza kutoka kwenye spika, juu ya vichwa vyao, mkavu kama kawaida yake. Alikuwa anawasimulia wenzake wa meza habari ya ile saa kubwa ya Uwanja wa Ushindi, iliyosimama tangu mwaka wa Mlezi kutawazwa, na ambayo siku hizo aliitwa kuitazama.

“Ile saa si mbovu,” alikuwa akisema. “Nimeifungua, nimeikagua, nzima kabisa. Inangoja amri.”

Ndipo kinapofuata kile kicheko tulichokuwa tumekisikia siku zote bila kujua kinacheka nini. Mkahawa mzima unacheka, na juu ya wote kuna kicheko kimoja kinene kinachotikisa glasi.

Bi Sikujua alielewa mara moja kilichokuwa kikining’inia ukutani kwake. Akanyoosha mkono kuizima. Bi Mwajabu hakumzuia, wala hakumwomba kitu. Aliuliza tu kama anaweza kuja tena kesho.

Bi Sikujua akaurudisha mkono.

Angeweza kuiondoa kanda jioni hiyo na kusema imekatika. Hakuiondoa. Kila mchana Bi Mwajabu alikuja, akakaa chini ya spika, akaweka chai mbele yake bila kuinywa, akangoja sehemu ya mumewe. Ikishapita, alifunga vizuri kanga yake na kwenda zake. Ilipotangazwa kwamba kanda ile imenakiliwa na itapigwa katika kila mkahawa, kila kantini na kila bwalo la nchi, Bi Sikujua alikwenda mwenyewe Wizarani, akajitetea kwamba ni kanda kuukuu, imechakaa, haifai kusikika na watu wa maana. Bwana Pantaleo akamsifu kwa unyenyekevu wake na kumsindikiza mpaka mlangoni.

Mpenzi msomaji, wataalamu wa Wizara walikuwa wameisikiliza kanda ile kwa mitambo. Walipima vijiko. Walipima viti. Hakuna aliyetumwa kusikiliza maneno, kwa sababu ilishaandikwa kwamba kanda haina maneno.

Hivyo kila mchana, nchi nzima, kwenye kambi za jeshi, hospitali, vyuo, bandarini, hata kwenye kantini ya Wizara yenyewe, fundi saa ambaye hakuna ajuaye alipo aliwaambia raia kwamba saa ya taifa inangoja amri. Na hakuna aliyetoa taarifa. Kutoa taarifa ni kukiri umesikia, kusikia ni kukiri umeelewa, na aliyeelewa lazima kwanza awe amewahi kuitazama ile saa na kuwaza. Watu wakazoea kusimamisha kijiko karibu na mdomo ile sehemu ilipokaribia. Kisha kicheko cha kanda kilipoanza, nao wakacheka humohumo ndani yake, kwa kipimo kilekile, na kunyamaza pamoja nacho. Asiyejua angedhani watu wote wanakula kimya. Nilipata kukaa na mkuu wa gereza kwenye harusi. Aliniambia hajawahi kuona watumishi wanaowahi chakula cha mchana kama siku zile.

Sijui hali hiyo ingedumu mpaka lini. Kilichoiharibu ni balozi mmoja wa nchi ya mbali, mtu mwema, aliyekuwa akijifunza lugha ya wenyeji kwa bidii kubwa. Kwenye karamu ya Sikukuu ya Shukrani, kanda ikipigwa, alicheka waziwazi, peke yake, kabla ya wakati. Kisha akamwinamia Waziri wa Utulivu na kumuuliza, kwa matamshi mazuri sana, kama saa ya uwanjani imeshapata amri.

Jua halijatua siku hiyo, kila nakala ya kanda ilikuwa imekusanywa na kutiwa moto. Ikabaki ile ya asili, kwa ajili ya ushahidi. Ikaundwa Kamati. Kamati haikuweza kumshitaki Fundi Mtoro kwa kauli yake, kwa sababu hakuwa amekamatwa, na aliyeondoka kwa hiari yake hawezi kuletwa. Wakabaki waliocheka. Hao ndio waliotakiwa, na mwenye mkahawa ndiye aliyewajua kwa sauti.

Asubuhi moja, kabla ya kufungua, Bwana Pantaleo alifika mkahawani kwa miguu. Wasaidizi wake wawili hawakuwa naye. Alikaa dirishani, pale alipokuwa akikaa zamani, akavua kofia na kuizungusha mikononi. Baada ya muda akauliza kama Bi Sikujua anawatambua wote wanaosikika mle ndani. Bi Sikujua akasema anawatambua.

“Mama, unanijua tangu nikiwa karani,” akasema Bwana Pantaleo.

“Nakujua.”

“Nina watoto.”

Bi Sikujua akavuta kiti, akakaa mbele yake.

“Fundi Mtoro yuko wapi?” akamuuliza.

Bwana Pantaleo akasema hajui, na nadhani hapo alisema kweli. Alieleza kwamba yeye kazi yake huishia kwenye kumwonyesha mtu tu. Gari linalomchukua mtu si la idara yake. Gari likishaondoka yeye haulizi, na hajawahi kusikia mtu akiuliza. Aliposema hivyo alikuwa anatazama barabarani, kule kwenye duka la rangi. Bi Sikujua akamletea chai. Aliinywa kwa kushika kikombe kwa mikono yote miwili, na Bi Sikujua hakumwahidi lolote.

Kikao cha Kamati kilifanyika katika ukumbi wa chini wa Wizara, mchana wa joto, madirisha wazi. Watu wa mtaa tuliruhusiwa kuhudhuria ili tujifunze. Bwana Pantaleo alikaa mstari wa nyuma ya shahidi, kama ofisa aliyeigundua kanda, na wasaidizi wake wawili walikuwa wamerudi, mmoja kulia kwake na mmoja kushoto.

Mwenyekiti, mzee mpole aliyesikia vizuri kwa sikio moja, alimuuliza shahidi jina lake.

“Sikujua.”

Karani akaandika kwamba shahidi anakana. Ilichukua muda kulisahihisha.

Kanda ikapigwa. Vijiko, viti, diwani kwa mbali, pilipili, saa, kicheko. Ikasimamishwa. Mwenyekiti akauliza ni nani anayecheka.

“Ni mimi, mheshimiwa,” akasema Bi Sikujua.

Mwenyekiti akamwambia taratibu kwamba wanaosikika ni wengi.

“Mkahawa wangu una mwangwi.”

“Hicho kinene ni kicheko cha mwanamume.”

“Siku hiyo nilikuwa na mafua.”

Nilimwona Mwenyekiti akiwatazama wajumbe wake, na naamini walianza kuona kwamba mkosaji mmoja aliyekiri ni rahisi kuliko mtaa mzima. Lakini Kamati ile ilikuwa ya haki. Haikutaka kupokea kicheko bila kukihakiki. Mwenyekiti akamwamuru shahidi acheke, ili kicheko kilinganishwe.

Bi Sikujua alijaribu. Alifungua mdomo, ikatoka sauti kama ya mtu aliyepaliwa. Akajaribu tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alikuwa amesimama peke yake katikati ya ukumbi, mikono imeshika pindo la kanga, jasho likimtiririka shingoni, na watu waliovaa suti wakimngoja afurahi. Mwenyekiti akasema shahidi asaidiwe. Akaamuru kanda irudishwe pale kwenye maneno, kisha isimamishwe kabla ya kicheko, ili nafasi ile aijaze mwenyewe.

Fundi Mtoro akasema saa inangoja amri. Kimya. Bi Sikujua akakohoa.

Wakairudisha. Saa inangoja amri. Kimya. Wakairudisha tena, na tena, na kila mara sauti ile kavu ilitoka ndani ya mashine, ikaenea ukumbini, ikapita madirishani. Sijui kama msomaji amewahi kuzuiwa kucheka mahali ambapo kucheka ni kufa. Mjumbe mmoja wa Kamati alikuwa anatazama dari na machozi yanamtoka. Karani aliinama chini ya meza kutafuta kalamu, na hakutoka. Mimi niliuma kidole.

Kicheko kilipokuja hakikutoka kwa Bi Sikujua. Kilitoka nyuma yake.

Kilianza kidogo, puani, kama mtu anayejaribu kupenga kamasi kwa adabu. Kisha kikampasuka Bwana Pantaleo kifua kizima, kinene, kikubwa, kicheko kile cha karani wa posta ambacho hatukukisikia tangu apewe cheo, na glasi ya maji iliyokuwa mbele ya Mwenyekiti ikatikisika. Alijiziba mdomo kwa kofia. Hakikuzibika. Macho yake yalikuwa yamemtoka kwa hofu, na alikuwa anatikisa kichwa kukataa huku anacheka. Hakuna aliyehitaji kulinganisha kitu.

Wasaidizi wake wawili walisimama. Kwa mara ya kwanza niliwasikia wakisema; walimwomba kwa heshima aongozane nao. Wakamshika viwiko. Tulimsikia akicheka ukumbini, akacheka kwenye korido, akacheka uani, mpaka ukasikika mlango wa gari.

Mwenyekiti akanywa maji. Akatangaza kwamba Kamati imeridhika, na kwamba shahidi yuko huru kwenda nyumbani mpaka atakapohitajika. Kanda akaitia mfukoni.

Bi Sikujua alitoka nje akiwa anashika ukuta. Chini ya madirisha ya ukumbi, juani, alimkuta Bi Mwajabu ameketi ukingoni mwa mtaro, miguu ameikunja, uso ameuelekeza juu. Alikuwa hapo tangu kikao kilipoanza. Hakuwa amekuja kwa ajili ya Kamati, wala hakuuliza imeamua nini. Tangu kanda zichomwe alikuwa hajamsikia mumewe hata mara moja.

Bi Sikujua akakaa kando yake.

“Leo kazungumza sana,” akasema Bi Mwajabu.

Wakainuka, wakashikana mikono, wakafuata njia ya uwanjani. Nilikuwa nyuma kidogo, kwa hiyo niliona. Gari la Wizara lilitoka getini likawafuata polepole, bila kupiga honi, bila haraka yoyote, kama gari linalosindikiza wageni. Walilisikia. Hawakugeuka, na mikono hawakuiachia.